Uliza Ujibiwe: Simu ya mgeni na kabati la kioo

Safari hii tumekusanya maswali yanayohusu teknolojia ya kidijitali katika makumbusho na vyumba vya maonesho. Barua tumezifupisha, majibu ni ya jopo letu la ufundi na uhifadhi.

Skrini ya kugusa au apu?

*Tunaanzisha makumbusho madogo ya uvuvi huku Kigamboni: vyumba viwili, vitu kama sitini. Mfadhili ametupa fedha za "kwenda kidijitali". Nusu ya kamati inataka skrini kubwa ya kugusa, nusu inataka apu yetu wenyewe. Tufuate upande upi?* – Katibu wa kamati, Kigamboni

Ndugu katibu, msifuate upande wowote, angalau kwa mwaka huu wa kwanza. Apu inamtaka mgeni asimame mlangoni, atumie bando lake, akumbuke nywila ya duka la apu na asubiri ipakuliwe, kisha ziara yenyewe ni ya dakika arobaini. Wengi wataghairi. Skrini nayo hutumiwa na mtu mmoja huku wenzake wakimtazama mgongo, na siku ikizimika chumba kizima huonekana kibovu.

Fedha kidogo hufika mbali zaidi kwenye kurasa za kawaida za tovuti. Kila kitu kiwe na ukurasa wake unaofunguka kwa kuskani msimbo wa QR ulio kwenye lebo, na ndani ya ukurasa iwemo sauti ya mtu anayeeleza. Msianze na vitu vyote sitini. Chagueni ishirini ambavyo wageni husimama kuvitazama wenyewe, hata bila kuambiwa.

Tuanze na sauti, kwa kuwa ndiko mradi huu unakopona au kufia. Kipande kimoja kisizidi sekunde 90. Mwandishi aandike akiwa amesimama mbele ya kitu chenyewe, na sentensi ya kwanza ielekeze macho: "Tazama mdomo wa dema hili: unaingia kwa ndani huku ukizidi kuwa mwembamba, ndiyo maana samaki huingia kwa urahisi na kutoka asione njia." Historia ya kijiji na majina ya wavuvi yaje baadaye, mgeni akishaona. Sauti inayoanza na mwaka na jina la aliyetoa msaada huzimwa kabla ya sekunde ya kumi na tano.

Kurekodi hakuhitaji studio. Chumba chenye mapazia mazito na godoro lililosimamishwa ukutani kinatosha. Zimeni feni, kiyoyozi na friji ya jirani kama mwenyewe atakubali. Mdomo uwe sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye maikrofoni, pembeni kidogo badala ya mbele kabisa, la sivyo kila "p" na "b" italipuka. Rekodini kwa WAV, safisheni kwa programu ya Audacity ambayo haiuzwi, kisha toeni MP3 ya mono ya kilobiti 64 kwa sekunde. Kwa kiwango hicho sekunde 90 ni takriban kilobaiti 720, na vipande vyote ishirini havifiki megabaiti 15. Mtu wa bando dogo anavimudu. Chini ya kitufe cha kusikiliza yawekwe maandishi kamili ya kilichosemwa, kwa ajili ya viziwi na kwa ajili ya yule aliyesahau hedifoni nyumbani.

Sasa msimbo wenyewe. Ulibuniwa mwaka 1994 na Denso Wave ya Japani kwa ajili ya kufuatilia vipuri vya magari, na kanuni zake za kiwandani bado zinatawala. Kadiri anwani ya ukurasa ilivyo ndefu ndivyo visanduku vyeusi na vyeupe vya msimbo vinavyoongezeka na kuwa vidogo. Anwani ya herufi 30, kwa kiwango cha urekebishaji cha Q kinachovumilia takriban robo ya msimbo kuharibika, hutoshea mraba wa visanduku 29 kwa 29. Anwani ya herufi 90 kwa kiwango hichohicho inataka 49 kwa 49. Mkichapa kwa upana wa sentimita 3, kisanduku cha kwanza kina milimita moja, cha pili milimita 0.6 tu, na simu ya bei nafuu kwenye chumba chenye mwanga hafifu itahangaika. Kwa hiyo fupisheni anwani.

Kwa ukubwa, gawanyeni umbali kwa kumi: mgeni akisimama sentimita 30, msimbo uwe sentimita 3; akizuiwa na kamba mita moja nyuma, uwe sentimita 10. Pande zote nne muache ukingo mweupe wenye upana wa visanduku vinne. Mafundi wa stika hupenda kuukata huo ukingo ili lebo "ipendeze", na hapo ndipo msimbo unapogoma kusomeka. Chapeni rangi nyeusi juu ya nyeupe isiyong'aa. Lamineti inayometa chini ya taa ya dari hutupa doa jeupe katikati ya msimbo. Kama hamna nyingine, inamisheni lebo kidogo mpaka doa lihame. Msibandike stika juu ya kioo cha kabati, maana nyuma yake kuna giza na mwako wa kioo kwa pamoja.

Jihadharini na tovuti zinazotoa misimbo ya kulipia kwa mwezi. Malipo yakikatika, lebo zote hufa siku moja. Sajilini jina lenu la tovuti la .tz, msimbo uelekee huko, na ukurasa ukihama mnabadilisha kwenye seva bila kugusa lebo. Ada ya jina hilo hulipwa kila mwaka: iandikwe kwenye bajeti ya kudumu, si ya mradi.

Fedha ikibaki, nunueni taa nzuri.

Waifai ya ndani inawatupa wageni

*Nimefunga seva ndogo ya Raspberry Pi (kompyuta ya ukubwa wa kiganja) kwenye chumba cha maonesho katikati ya mji ili wageni wasikilize bila bando. Haina intaneti. Simu zinaungana halafu baada ya sekunde chache zinarudi kwenye data ya mtandao wa simu, ukurasa haufunguki. Isitoshe, kadi ya memori imeharibika mara tatu.* – Fundi kompyuta, Kariakoo

Fundi, hayo ni magonjwa mawili tofauti.

La kwanza: simu ikiungana na waifai hujipima kama kuna intaneti. Android na iPhone kila moja ina anwani zake za ukaguzi. Zisipojibu, simu huamua kwamba waifai hiyo haifai na kurudi kwenye data, ambako anwani yako ya ndani haipo kabisa. Kuidanganya kwa kutoa jibu la uongo kutoka kwenye Pi husaidia nusu tu, kwa sababu Android hupima pia kwa njia ya HTTPS, mawasiliano yaliyofungwa na kuthibitishwa kwa cheti, ambayo huwezi kuighushi.

Dawa ya uhakika ni kuweka laini moja ya data kwenye ruta na kuruhusu zile anwani za ukaguzi tu zipite, mengine yote yafungwe. Matumizi yake ni madogo sana, na simu hutulia. Ukurasa wa kukaribisha unaojitokeza wenyewe unaweza kusaidia, lakini kwenye simu nyingi hufunguka katika kidirisha cha muda ambacho mgeni akikifunga sauti inakatika. Kidirisha hicho kiseme jambo moja: fungua kivinjari chako, andika anwani hii. Na ukutani bado weka tangazo: "Zima data, washa waifai." Siku laini itakapokosa mtandao, tangazo ndilo litakalookoa.

Ukitaka ukurasa utumie kamera ya mgeni au uhifadhi sauti kwenye simu yake, lazima uwe wa HTTPS wenye cheti halali, hata kama seva iko ndani ya kabati. Tumia jina halisi la tovuti na cheti cha shirika la Let's Encrypt kinachothibitishwa kupitia DNS, yaani mfumo wa majina ya tovuti. Hudumu siku 90, basi upange ratiba ya kukihuisha, la sivyo utaitwa Jumapili.

Usiitumie redio ya Pi yenyewe kurusha mawimbi. Ni dhaifu kwa kundi la watu. Weka kirusha waifai cha pembeni. Wasikilizaji 40 kwa pamoja hawafiki megabiti 3 kwa sekunde, kwa hiyo kasi si tatizo. Kinacholemea ni idadi ya simu zilizoungwa na unene wa kuta. Jengo la mawe ya matumbawe kama Boma la Kale la Sokoine Drive humeza mawimbi ya gigahezi 5. Weka kirushaji kimoja kila chumba kikubwa, na kwa gigahezi 2.4 tumia chaneli 1, 6 na 11 zisigongane.

La pili, kadi. Umeme ukikatika wakati Pi inaandika, faili huvurugika. Washa mfumo wa kusoma tu uliomo kwenye mipangilio ya raspi-config, kumbukumbu za matumizi ziandikwe kwenye diski ya USB, na Pi 4 ipewe chaja halisi ya volti 5 na ampea 3 kupitia UPS ndogo (betri ya akiba). Chaja ya simu ya barabarani hushuka volti Pi ikizidiwa, na dalili zake hufanana kabisa na kadi mbovu, ndiyo maana wengi hubadilisha kadi na kubaki na ugonjwa. Nyuma ya yote hayo weka kilinda volteji kama cha friji. Nakala ya kadi iliyo tayari ibaki kwenye droo ya mapokezi, na maelekezo ya kuibadilisha yaandikwe kwa mkono, hatua tatu, ili mhudumu asikusubiri.

Boksi la Pi liwe la alumini. Kwenye joto la nyuzi 80 hivi kichakataji hujipunguza kasi, na kabati lililofungwa hapa Dar mwezi wa Februari hufika huko upesi.

Video juu ya kanga

*Tuna kanga za zamani sana. Msanii anataka kumulika video juu yake kwa projekta. Kuna ubaya?* – Mhifadhi, Upanga

Upo, na mkubwa. Kwa nguo na karatasi, kipimo kinachofuatwa na wahifadhi ni laksi 50 za mwanga unaokiangukia kitu. Projekta inayotoa mwanga wa lumeni 3,000 ikijaza eneo la mita za mraba 2 hutoa hadi laksi 1,500 sehemu nyeupe za picha, mara thelathini ya kipimo. Rangi inayopauka hairudi, na madhara hujumlika: saa moja ya mwanga huo ni sawa na saa thelathini za mwanga wa kawaida wa maonesho. Piga picha kanga, ichapwe kwenye pamba kwa ukubwa uleule, msanii amulike nakala. Ya asili ikae pembeni kwenye mwanga wake mdogo, na wageni watalinganisha wenyewe.

Kinyago cha mpingo kwa umbo la 3D

*Nimepiga picha kinyago cha Kimakonde pande zote kwa simu, nimeziingiza kwenye programu ya kutengeneza umbo la 3D. Imetoka bonge lenye matundu. Kasoro ni simu?* – Mwanafunzi wa sanaa, Mwenge

Simu si mkosaji mkuu. Programu hizi hutafuta alama ndogondogo zinazojirudia kati ya picha na picha, kisha kukokotoa kila alama iko wapi. Mpingo uliosuguliwa mpaka ukang'aa hauna alama za kutosha, na ule mng'ao anaouona mtazamaji si alama hata kidogo: husogea kamera inaposogea. Programu inadanganywa, inachimba tundu.

Basi kazi kubwa ni kuua mng'ao. Njia ya bei ndogo ni mwanga uliotawanywa: kivuli cha mawingu, au taa mbili nyuma ya shuka jeupe. Njia bora ni vichujio vya polaraizi, karatasi yake mbele ya kila taa na kichujio kingine kwenye lenzi kikizungushwa mpaka mng'ao ufe. Kwa kuwa vichujio hula mwanga mwingi, kamera lazima iwe juu ya tripodi. Watu wa viwandani hupuliza unga mweupe juu ya kitu kinachong'aa. Kwa kinyago cha makumbusho hilo halifanywi. Unga huingia kwenye nyufa na hautoki.

Mipangilio: ISO (wepesi wa kamera kwa mwanga) 100, tundu la lenzi kati ya f/8 na f/11 kama kamera yako inaruhusu kulibadilisha, maana kwenye simu nyingi halibadiliki, fokasi ya mkono isiyobadilika, rangi zisirekebishwe zenyewe. Zunguka kinyago mara tatu kwa kimo tofauti, picha moja kila nyuzi 10 hadi 15, hivyo kila mzunguko una picha 24 hadi 36, na kila picha iingiliane na iliyotangulia kwa asilimia 70 au zaidi. Ongeza picha za karibu kwenye matundu, na vinyago vya ujamaa vina matundu mengi, watu wamepandiana mpaka juu. Kisha kilaze kinyago chini na urudie ili upate kitako. Ukikizungusha chenyewe juu ya meza badala ya kuzunguka wewe, nyuma kuwe kweusi tupu. Ukuta wenye michoro ukibaki umesimama wakati kinyago kinazunguka, programu itafuata ukuta. Weka rula pembeni katika picha zote, la sivyo umbo halitakuwa na kipimo.

Programu ya Meshroom ni ya bure lakini hatua zake nzito zinataka kadi ya NVIDIA na memori ya gigabaiti 16 kwenda juu. Matokeo ya kwanza yanaweza kuwa na pembetatu milioni kadhaa, vile vipande vidogo vinavyounda uso wa umbo. Hayo yahifadhi kwenye diski pamoja na picha asili. Kwa wageni, tumia programu ya Blender au MeshLab kupunguza hadi pembetatu 100,000 hivi, picha ya ngozi, yaani rangi inayolifunika umbo, iwe pikseli 2,048 kwa 2,048, toa faili la 3D la aina ya GLB lisilozidi megabaiti 5. Kubwa zaidi ya hapo, simu nyingi zinazopita mlangoni zitakwama.

Na kabla ya kuliweka mtandaoni: mchongaji yu hai? Kumiliki kinyago si kumiliki haki ya kukinakili. Andikeni makubaliano, yaseme kama umbo linaweza kupakuliwa na kuchapwa na watu wengine. Nakala za plastiki zikianza kuuzwa hapohapo Mwenge hutakuwa na pa kujificha.

Wanafunzi tisini bila simu

*Huwaleta wanafunzi wa kidato cha pili Makumbusho ya Taifa, mtaa wa Shaaban Robert. Simu hawaruhusiwi. Hiyo misimbo na apu inatusaidia nini sisi?* – Mwalimu wa historia, Mbagala

Mwalimu, kwa kundi lako haikusaidii chochote, na makumbusho yanayotegemea simu peke yake yamewasahau wageni wao wengi. Dai kifaa cha kundi, si cha mtu mmoja. Wanafunzi 90 wagawe makundi sita ya 15, vituo sita, dakika 10 kila kituo na 2 za kuhama: saa moja na dakika 12. Kila kituo kiwe na kishikwambi kimoja cha inchi 10 kilichopakiwa kila kitu ndani yake, na spika ndogo ya betri yenye sauti ya kutosha kundi tu. Vituo viwili vyenye sauti visikae chumba kimoja, vitazozana.

Kishikwambi kifanye kazi ambayo jicho tupu haliwezi. Fuvu la Zinjanthropus, alilolikuta Mary Leakey huko Olduvai mwaka 1959, ni mfano mzuri: kwenye kioo mwanafunzi alizungushe umbo la fuvu mpaka aone ukingo wa mfupa ulio utosini, kisha aulizwe misuli ya kutafuna ilijishika wapi. Baada ya hapo arudi kwenye kabati kutafuta ukingo huohuo. Bila agizo la kurudi, kundi zima litabaki limeinamia kioo.

Nyayo za Laetoli, za miaka milioni 3.6, zinafaa zaidi sakafuni kuliko kwenye skrini. Nakala iliyochapwa kwa kipimo halisi kwenye turubai, watoto wapime hatua zao. Hiyo nayo imetoka kwenye data ya kidijitali, ingawa haina waya.

Vishikwambi vifungwe kwenye hali ya apu moja na vichajiwe usiku ofisini. Ajira ya mtu wa kuvihesabu ni muhimu kuliko modeli yake.

Miwani ya uhalisia pepe

*Je, inafaa kununua?* – Msomaji, Sinza

Piga hesabu kwanza. Onesho la dakika 5, kuivaa na kuipangusa dakika 2 na nusu: watu 8 kwa saa kwa miwani moja, na mhudumu amesimama hapo muda wote. Siku ya sikukuu foleni itakuwa ndilo onesho. Kwa chumba kidogo hapana.

Ndugu yangu haoni

*Tulipotembelea chumba kimoja cha maonesho, kaka yangu asiyeona alisimama tu. Teknolojia ina lipi kwake?* – Dada yake, Tabata

Mambo mawili, dada. La kwanza ni sauti ya maelezo iliyoandikwa kwa ajili ya asiyeona: inataja ukubwa kwa kulinganisha na mwili, malighafi, uzito na mpangilio kutoka kushoto kwenda kulia. Sauti ya kawaida inayosema "kama unavyoona" haimfai. La pili ni nakala ya kushika iliyochapwa kwa printa ya 3D, ikajazwa mchanga ndani ili iwe na uzito wa kweli. Plastiki nyepesi huipotosha mikono. Kurasa za tovuti nazo zipimwe na TalkBack, kisoma-skrini kilichomo kwenye simu nyingi za Android: mjaribu afumbe macho, aguse kioo, asikilize. Kitufe kikisomwa "kitufe, bila jina", kina kasoro. Na msimbo wa QR hauonekani kwa vidole, kwa hiyo uwekwe mahali palepale kwenye kila kabati, kona ya kulia, na chini yake alama moja ya kupapasa.

Namba ya simu mlangoni

*Sehemu moja niliambiwa nijaze jina, namba ya simu na barua pepe ndipo nipate waifai. Ni sawa?* – Msomaji, Mikocheni

Waulize ni za nini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka taarifa zikusanywe kwa lengo lililotajwa na zisizidi zinazohitajika, na mkusanyaji awe amesajiliwa kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kusikiliza maelezo ya ngalawa hakuhitaji barua pepe yako.

Kwa wenye makumbusho wanaosoma hapa: mnachotaka kujua mara nyingi ni kabati gani linapendwa na wageni wanaachia wapi. Hayo yote yamo kwenye kumbukumbu za seva bila jina la mtu. Hesabuni ukurasa upi umefunguliwa na sauti imefika sekunde ya ngapi. Wengi wakiishia sekunde ya 20 kwenye kipande kilekile, kiandikwe upya. Kabati ambalo halifunguliwi kabisa mlikague wakati wa adhuhuri kwa simu ya bei nafuu, maana mara nyingi chanzo ni jua la dirishani juu ya lebo.